Glavu za Bi Zuhura na Theluji Niliyoisoma Vibaya

Ofisi sasa ni yenu, na kiti changu pia, ingawa naona haya kumrithisha mtu kiti chenye shimo la umbo langu. Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ahsanteni sana. Mtu amemaliza miaka yake yote ya kuangalia saa, mnampa saa. Mkanitaka pia niandike kidogo kazi ilivyokuwa kabla ya simu zenu hizi, zinazowaonyesha mvua ya nchi yoyote mkiwa mmelala. Basi nimekaa kuandika. Kukaa nakuweza.

Nianze na jambo mnalolijua nyote, ila adabu imewazuia kulisema: mimi si mtu wa kutoka. Nilizaliwa Tanga, nikamaliza kidato cha nne, na Jiografia nikapata D, ambayo mama alimwambia jirani ni vitamini. Tangu hapo niliiona dunia inatosha kuanzia kitandani hadi jikoni. Watu huuliza mtu wa namna hiyo alifikaje Guangzhou. Alifikishwa na kaka yake. Kaka Bakari alikuwa akinunua bidhaa huko na kuzipeleka Dar, na siku moja mwishoni mwa miaka ya tisini akanipigia simu.

"Mwana, nataka mtu wa kukaa ofisini. Faksi ikija uisome, simu ikilia uipokee."

"Na kutoka nje?"

"Utoke uende wapi?"

Nikapanda ndege. Nilivuka nusu ya dunia ili nikae ndani ya nyumba nyingine.

Siku ya kwanza nilipelekwa mtaa wa Sanyuanli, chumba kimoja ghorofa ya tatu, dirisha linatazama ua wa wafunga mizigo. Tangu asubuhi hadi jioni ilikuwa sauti ya utepe wa gundi ukivutwa, krraaa, krraaa, kama nchi nzima inachanwa. Kaka alinionyesha mashine ya faksi, birika na jokofu dogo. Akanifundisha maneno matatu ya Kichina: *laoban*, yaani bosi, *duoshao*, yaani kiasi gani, na *mei banfa*, yaani haiwezekani. "Hilo la tatu," akasema, "ndilo utakaloambiwa kila siku, wakitabasamu."

Jirani wa chumba cha pili alikuwa Njoroge, Mkenya wa Nairobi, mnunuzi wa viatu vya jumla kule Zhanxi. Yeye alitoka alfajiri akarudi jioni na vumbi la soko zima mabegani, akinikuta palepale aliponiacha. "Sasa, madam?" alikuwa akisema. "Leo umesafiri mpaka wapi? Dirishani?" Na mimi nilimjibu kwamba nimefika mlangoni, njia ilikuwa na foleni.

Sasa nije kwa Bi Zuhura, maana mkiniuliza ni nani alinifundisha kazi hii, jina ni hilo, ingawa kwa muda mrefu nilimjua kwa mwandiko na sauti tu. Alikuwa mwanamke wa Pangani, umri wa mama yangu, aliyeolewa na fundi mitambo aliyekuja kutengeneza mashine za mkonge. Fundi huyo, Bwana Toni, alimchukua akaenda naye kwao, kijiji kidogo katika milima ya Alpi, pale watu wanapofunga mbao miguuni na kuteremka mlima kwa hiari yao. Bwana Toni aliendesha trekta la kulainisha theluji kwenye njia za watelezaji. Bi Zuhura alikaa mwaka mmoja akiwatazama wageni wanavyopoteza glavu, kisha akaanza kuuza glavu. Aliuza akiwa amesimama nje, sanduku wazi miguuni, karibu na lifti ya viti inayowapandisha watu mlimani. Glavu alizipata kwetu, na sisi tulizipata Shiling, mji wa ngozi na mikoba.

Kazi yangu ilikuwa hii. Kila Jumatatu ilikuja faksi yake yenye hali ya theluji. Mimi nisome, kisha niseme glavu ziwe nene au nyembamba, za baridi kavu au za kuzuia maji, na ziondoke lini. Theluji sikuwahi kuiona, wala Kaka Bakari. Lakini tulikuwa wafanyabiashara, na mfanyabiashara hakatai kazi kwa sababu ndogo kama kutokuijua.

Bi Zuhura alinifundisha kwa simu, mara mojamoja, kwa lugha ya jikoni. "Mwanangu, iko theluji kama unga uliochekechwa. Ukiupuliza unaruka. Hiyo mtu anaanguka anainuka, anajikung'uta, mkavu. Iko kama uji. Ukishika tu, mpaka kwapani umelowa. Na iko iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku. Hiyo ni sahani iliyopakwa mafuta, usimpeleke mtoto wa watu." Niliyaandika yote kwenye daftari langu la jalada la bluu, na chini yake nikaandika: *Mbona wanakwenda?*

Njia za kupima glavu nilibuni mwenyewe, na hizi nawaachia bure. Ya kwanza: ijaze glavu maji, itundike kwa waya, tandika gazeti chini, uende ukanywe chai. Ukirudi, gazeti litakwambia. Ya pili: chukua sampuli hadi kwa muuza samaki pale sokoni nyuma ya jengo, zamisha mkono ndani ya lundo lake la barafu, hesabu hadi mia tatu. Mama yule wa samaki mwanzoni alidhani nataka kumwibia kamba. Baadaye alizoea, akawa anawaita wenzake waje kumwona Mwafrika anayechemsha mkono kwenye barafu. Na mkumbuke siku zote kuanza na kidole gumba. Glavu hukosa uaminifu kwenye gumba kwanza, pale mishono minne inapokutana.

Msimu wangu wa kwanza ulipita vizuri, kwa bahati. Wa pili ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu ndio ulionifanya kuwa mtu wa kazi. Kabla yake nilikuwa mtu wa kiti.

Msimu huo Bi Zuhura alipata kibanda. Kamati ya kijiji, ile iliyosimamia lifti na njia za kutelezea, ilimpa kibanda cha mbao chenye paa la bati palepale chini ya lifti, kwa majaribio ya msimu mmoja. Sharti lilikuwa moja. Wiki ya likizo ya shule, mwezi wa pili, kijiji kinapofurika, kibanda kiwe wazi kila siku na rafu zisiwe tupu. Wakizikuta tupu, anatoka. Alikuwapo mtu aliyekuwa akikingoja, shemeji wa mkuu wa walimu wa kuteleza, na Bi Zuhura alisema amekwisha kuja kupima dirisha kwa ajili ya mapazia yake. Akitoka, Bi Zuhura anarudi kwenye sanduku, kusimama nje, na magoti yake hayakuwa tena ya kusimama nje.

Faksi zake zilikuwa barua hasa, za mtu aliyelelewa. Zilianza hivi: *Salamu nyingi zikufikie popote ulipo. Ama baada ya salamu, hali yetu huku ni njema, theluji ipo, hofu ni kwenu mlio mbali.* Ndipo zifuate habari za miguu ya Bwana Toni, na bei ya vitunguu. Chini kabisa, kwa mwandiko mwingine mnene kama misumari, Bwana Toni aliandika mistari mitatu: *Juu 95. Kijijini 10. Sifuri 1900.*

Mstari wa kwanza niliuelewa: kina cha theluji kileleni, kwa sentimita. Wa pili pia. Wa tatu sikuuelewa, na sikuuliza. Mtu mwenye D ya Jiografia haulizi, anakisia. Nilikisia kwamba sifuri ni kipimo cha theluji yote kwa jumla, na kwa kuwa kila wiki ilipanda, elfu moja mia saba, elfu moja mia tisa, elfu mbili, nilifurahi kama mzazi wa mtoto anayepanda darasa. Na kama nilikuwa na shaka, si Bi Zuhura mwenyewe aliandika pale juu? Hali njema, theluji ipo. Nilisahau kwamba hata sisi kwetu, barua ya kuarifu msiba huanza na hali yetu njema.

Basi niliagiza Shiling pea mia sita za ngozi laini, ile yenye vinyweleo kama shavu la mtoto, manyoya ndani. Glavu za unga uliochekechwa. Nzuri mno. Kwenye maji, ni sponji.

Ilikuwa Ramadhani, na mwaka ule Ramadhani na Mwaka Mpya wa Kichina vilikuwa vimesogeleana. Kaka Bakari alikwenda kufunga nyumbani Dar. Viwanda vya Shiling vilikuwa vinakaribia kufungwa, na vikifungwa, wafanyakazi wote wanapanda treni kwenda makwao mikoani, na hakuna sindano itakayogusa ngozi kwa wiki kadhaa. Mchana mmoja simu ikalia. Alikuwa Bi Zuhura, kanipigia kunitakia Ramadhani njema.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Swaumu inakwendaje?"

"Inakwenda. Mimi sitembei, kwa hiyo sichoki."

Akacheka. Nyuma ya kicheko chake nikasikia kitu.

"Bi Zuhura, hiyo sauti ni ya nini?"

"Ipi?"

"Hiyo inayopiga juu hapo."

"Aa, bati la kibanda hilo. Mvua."

Mvua kwenye bati, mtu wa Tanga hahitaji kuambiwa. Nadhani niliijua kabla hajaitamka, ila masikio yalikataa kuniambia.

"Mvua? Si uliandika theluji ipo?"

"Ipo."

"Iko wapi?"

"Juu."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko chini, mwanangu. Duka la nani liko juu?"

Nikamuuliza, polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye moshi, ile sifuri ya Bwana Toni maana yake nini. Akanieleza. Sifuri ni urefu wa mlima, kwa mita, ambapo maji huanza kuganda. Juu ya hapo hunyesha theluji, chini ya hapo hunyesha mvua. "Kijiji chetu kiko kwenye elfu moja na mia moja. Yeye akikuandikia elfu mbili, hesabu mwenyewe. Huku watoto wanashuka na lifti wamelowa kama vifaranga. Toni ameniuliza, yule binti mbona hasemi kitu? Nikamwambia mwache, mtoto wa watu anajua kazi yake." Halafu, kwa sauti nyingine: "Glavu zangu zinaendaje?"

"Vizuri," nikasema.

"Zitawahi likizo?"

"Zitawahi, Bi Zuhura."

Nikaweka simu chini. Nimewahi kusema uongo mwingi katika biashara, kama mnavyojua, lakini ule ndio pekee ulionifanya nikae chini wakati tayari nimekaa.

Nilimpigia kaka Dar. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nyuma yake redio ilikuwa inasoma kaswida.

"Nenda Shiling," akasema.

"Mimi?"

"Kwani hapo kuna nani mwingine?"

"Yupo Njoroge."

"Njoroge ananunua viatu. Glavu ni zako. Nenda."

Njoroge alikubali kuja, kwa sababu Kichina chake kilikuwa kimevuka maneno matatu, na kwa sababu alisema hawezi kukosa kuona mimi nikipanda basi. "Leo kutanyesha theluji hapa hapa Guangzhou," alisema tukishuka ngazi. "Madam anatoka!" Nilipitia kwa mama wa samaki, nikanunua mfuko wa barafu. Nilikuwa na mpango: nitamvisha mwenye kiwanda glavu yake, nimzamishe mkono, aone mwenyewe.

Mpango haukuhesabu kituo cha treni. Basi letu lilipita mbele yake, na wiki ile kila mtu mwenye kwao alikuwa pale, na mifuko ya mistari myekundu na bluu, magodoro, ndoo, watoto migongoni. Basi lilisimama ndani ya watu kama jiwe ndani ya mchele. Tulishuka tukasukumana kwa miguu kwenda kutafuta jingine. Nilishika koti la Njoroge kwa nyuma, macho nimefumba, nikisoma aya ninazozijua. Barafu ilianza kutiririka. Bibi mmoja aliyelowa kiatu alinigeukia akanisomea maneno ambayo Njoroge alikataa kunitafsiria. "Acha tu," alisema. "Amekutakia mwaka mpya."

Tulipofika Shiling, mfuko ulikuwa wa maji.

Mwenye kiwanda aliitwa Laoban Liang, mwanamke mfupi, penseli sikioni, mikono yenye makovu madogomadogo ya sindano. Glavu zangu zilikuwa tayari, pea mia sita, zimefungwa kumi kumi, laini kama paka. Mezani kulikuwa na wanawake wanne tu waliobaki, tiketi zao za treni zimebandikwa ukutani juu ya cherehani ili kila mtu azione. Njoroge alieleza. Liang akatabasamu. *Mei banfa.*

Nikafungua mfuko wangu. Nikamwomba kwa ishara avae glavu moja. Akavaa, huku akiwatazama wenzake kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Nikachukua beseni, nikamwaga maji ya barafu, nikaushika mkono wake nikauzamisha. Alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akautoa, akavua glavu, na mkono ulikuwa mwekundu, unachuruzika. Akaiminya ile glavu, maji yakatoka kama kwenye kitambaa cha deki. Akasema jambo kwa haraka.

"Anasema hukumwambia ni za maji," Njoroge akatafsiri. "Anasema kazi yake ni safi, usimharibie jina."

"Mwambie ni kweli. Sikumwambia."

Njoroge akanitazama. "Hiyo tusiseme. Tuseme mteja amebadilisha mawazo. Hapa kila mtu anasema mteja amebadilisha mawazo."

"Mwambie nilisoma hali ya hewa vibaya. Nilikuwa naisoma wiki nne na siielewi, na sikuuliza. Kosa langu."

"Madam, kwa hili soko hakuna mtu husema hivyo."

"Mwambie."

Akamwambia. Liang aliichomoa penseli sikioni. Kisha akauliza swali fupi, na Njoroge akalileta: "Anauliza, huyo mwenye duka ni nani wako?"

Nilitaka kusema mteja. Nikasema, "Ni mama yangu wa mbali." Hata sijui kama lilikuwa jibu la kweli, lakini lilitoka lenyewe, na Njoroge alilipeleka bila kubishana.

Liang aliingia stoo akatoka na robota begani. Kilikuwa kitambaa chepesi cheusi, cha bitana ya mabegi, upande mmoja una ngozi ya plastiki isiyopitisha maji. Alikata vipande viwili vya umbo la mkono, akavibandika kingo kwa gundi ya viatu, bila kushona hata tundu moja, maana kila tundu la sindano ni mlango. Akafumua kifundo cha glavu, akasukuma mkono ule mweusi katikati ya ngozi na manyoya, akashona kifundo tena. Juu akapaka nta. Nikaijaza maji, nikaitundika. Sote saba tukasimama kuitazama kama watu wanaongoja mwezi uandame. Gumba likashika. Gazeti likabaki kavu.

Hesabu ikaja. Kwa siku tatu kabla ya treni, kwa mikono iliyopo, zisingezidi pea mia tatu. Nusu. Nikasema sawa. Kisha nikauliza mimi nifanye nini, na Liang akanyoosha kidole kwenye kigoda mbele ya mkebe wa gundi.

Vijana, nimekaa katika maisha yangu, lakini siku zile nilikaa kwa kipaji. Nilibandika mikono meusi kuanzia asubuhi hadi maghribi, nimefunga, kichwa kinazunguka kwa harufu ya gundi, na wale wanawake walinikosoa bila huruma. Mmoja alikuwa akichukua kila gumba langu la pili na kunirudishia, ananipiga kidogo kwenye vidole kwa rula. Nililala kwenye kitanda cha mfanyakazi aliyekwisha kwenda kwao. Jioni ya pili Njoroge alirudi toka Zhanxi kwa basi, njia yote ile ya vurugu, akiwa na mfuko. Alisikia kwamba aliyefunga hufungua kwa tende, akazitafuta akazikosa, akaniletea mayai saba ya kuchemsha. "Pia ni duara," alisema.

Siku ya nne wanawake walibandua tiketi zao ukutani wakaenda. Pea mia tatu ziliondoka Sanyuanli kwa ndege. Mia tatu nyingine, za sponji, zilibaki gunia moja kwenye kona ya stoo ya Liang, na Liang akafunga mlango kwa kufuli, na mji wote ukafunga.

Sikukuu ilikuja, baruti zikapigwa, nikala biriani peke yangu mbele ya mashine ya faksi. Likizo ya shule ilipoanza kule, nilimwomba Bwana Toni atume mistari yake mitatu kila siku. Sifuri elfu moja na mia nne. Elfu moja na mia mbili. Elfu moja. Theluji ilishuka hadi kijijini, na mimi badala ya kufurahi niliingiwa na homa. Kama itakuwa ya unga, nimempelekea glavu za mabegi. Jioni ya siku ya tatu akaandika: *Ya uji.* Sijawahi kushukuru uji namna ile. Siku ya nne Bi Zuhura aliandika kwa mkono wake: *Zimekwisha zote. Nyingine ziko wapi?*

Nilikaa na karatasi ile. Nyingine zilikuwa nyuma ya kufuli la Liang, na Liang alikuwa kwao kijijini, na hata angekuwapo, zilikuwa sponji. Ilikuwa siku ya nne ya siku saba, na rafu tupu. Nilimwandikia ukweli wote kwa ukurasa mmoja: sifuri niliyoifurahia, ngozi niliyoagiza, *zinaendaje, vizuri*. Sikuanza na salamu. Niliona salamu zingekuwa kujificha. Hakujibu siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu.

Simu ililia wiki iliyofuata. Kaka Bakari alikuwa amerudi, akanisukumia mkono wa simu kama kitu cha moto.

"Mwanangu," Bi Zuhura alisema, "kamati walikuja Jumamosi."

"Wangapi?" nikauliza.

"Walikuja watatu, na yule wa mapazia nyuma yao. Wakashindwa kuingia. Mlango umejaa watoto na mama zao."

"Wanafanya nini, na huna kitu?"

"Nilichukua majiko mawili ya Toni, yale anayopashia injini ya trekta. Nikayawasha ndani. Nikawatangazia, aliyelowa glavu alete nimkaushie, na chai ya tangawizi juu yake. Si wote walionunua kwangu, wengine walikuwa na zao za huko huko, zote zimelowa chapachapa. Nikazipanga kwenye rafu, pea kwa pea, kila moja na jina la mwenyewe. Wale mabwana walipopenya, rafu haina nafasi ya kuweka sindano. Mmoja akasema, mama, hizi si bidhaa zako. Nikamwambia, sharti lenu lilisema rafu zisiwe tupu. Nani aliandika ziwe zangu?"

"Akasemaje?"

"Alitazama mikono yake. Amelowa na yeye. Akavua akanipa."

Nikasikia pumzi yake ikikatika kidogo, ile pumzi ya mtu mzima anayekataa kulia mbele ya mtoto.

"Nimepewa, Mwana. Kibanda nimepewa. Ile barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakasirika. Nikaisoma tena nimekaa, nikaona na mimi nilikuandikia theluji ipo kila wiki, na kila wiki nanyeshewa. Niliona aibu nikuambie nimeolewa mlimani kuja kukaa kwenye mvua." Akajikohoza. "Haya. Una kalamu? Kuna oda ya mwisho wa msimu."

"Ninayo," nikasema. "Lakini kwanza, huko nje sasa hivi kunanyesha nini?"

"Sasa hivi? Ngoja."

Aliiweka simu mezani. Nilisikia mlango wa kibanda ukifunguliwa, nyayo zake zikitoka, kisha kimya kirefu hata kaka akanitazama akidhani simu imekatika. Kisha nyayo zikarudi, na mlango.

"Hakuna kitu," Bi Zuhura akasema. "Jua."

Nikaandika: jua.